Krapf, Kivoi na mto wa kule kaskazini

Kama wewe ni wa Kisauni, huenda ushapita karibu na kaburi la Rosine kule Nyali, ng'ambo ya Mji wa Kale. Alikuwa mke wa mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf. Homa ilimuua Julai 1844, yeye na bintiye mchanga, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa.

Mwingine angefunga virago arudi kwao. Krapf alibaki, akajifunza Kiswahili, na mwaka 1846 akahamia Rabai na mwenzake Rebmann.

Sasa kuna mtu humsikii sana: Kivoi, mkubwa wa Wakamba wa Kitui, mfanyabiashara wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilishuka hadi huku pwani. Ni yeye aliyemweleza Krapf habari za mlima wenye kilele cheupe. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf akauona kwa macho yake. Jina alilosikia kwa Wakamba akaliandika alivyoweza, na ndilo leo Kenya. Wasomi wa Ulaya wakambeza: ati theluji kwenye ikweta?

Mwaka 1851 akarudi, wakaelekea pamoja kaskazini kwenye mto ambao yeye aliuandika Dana. Ndio Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, karibu kilomita 1,000 hadi baharini. Kabla ya kufika wakavamiwa. Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika. Krapf, peke yake porini na kiu imemkaba, akaufikia mto, akanywa. Chombo cha kubebea maji hana, basi akajaza mkoba wa ngozi wa darubini na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi. Aliporudi, jamaa za Kivoi walimlaumu: mbona yeye mzima na mwenzake kafa?

Alifariki Ujerumani 1881. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata.

Mwaka 1858, Speke alilipa ziwa letu kubwa jina la malkia wake, Victoria. Krapf hakubatiza mlima wala mto, aliandika alichoambiwa na wenyeji. Kwa hivyo shuleni wakikwambia Krapf ndiye aliyeipa Kenya jina, waulize: na yeye aliambiwa na nani? Mmoja wao alikufa njiani kwenda Tana.