Salomons: Tajiri aliyetambua thamani ya saa za Breguet

SIR David Lionel Salomons alipoaga dunia mnamo Aprili 19, 1925, aliacha nyuma yake jumba kubwa, karakana zilizojaa mitambo na saa zipatazo 124, zote kazi ya karakana moja ya Paris.

Hakuwa fundi wa saa wala mfanyabiashara wa vitu vya kale. Hata hivyo, wanaotaka kujua saa adimu hupimwaje thamani hadi leo hulitaja jina lake.

Salomons alizaliwa Juni 28, 1851. Aliwapoteza wazazi wake akiwa bado mdogo, akalelewa na ami yake, Sir David Salomons, aliyekuwa Myahudi wa kwanza kuwa Meya wa Jiji la London mnamo 1855.

Ami huyo hakujaaliwa mtoto. Alipofariki mwaka 1873, kijana huyo alirithi cheo chake pamoja na jumba la Broomhill, karibu na mji wa Tunbridge Wells, kusini mashariki mwa Uingereza.

Wengi wangetarajia mrithi wa ukwasi huo aishi kwa starehe. Yeye, aliyesomea sayansi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alichagua nyundo, bisibisi na nyaya. Broomhill likawa miongoni mwa nyumba za kwanza nchini humo kuwashwa taa za umeme, na mwenyewe akaandika vitabu kuhusu namna ya kutunza mitambo hiyo.

Mnamo Oktoba 15, 1895, akiwa Meya wa Tunbridge Wells, aliandaa maonyesho ya magari yanayohesabiwa kuwa ya kwanza Uingereza. Wakati huo sheria ilitaka mtu atembee kwa miguu mbele ya gari, nalo lisizidi maili nne kwa saa. Salomons alikuwa mstari wa mbele kuipinga, na mwaka 1896 Bunge likaibadilisha.

Pamoja na hayo yote, mapenzi yake makuu yalikuwa saa za Abraham-Louis Breguet.

Breguet alizaliwa Neuchâtel, Uswisi, mnamo 1747 na kufanya kazi yake Paris hadi alipofariki mwaka 1823. Aliunda saa zilizojitia ufunguo zenyewe kwa mwendo wa mvaaji, na nyingine ambazo mwenyewe angejua wakati kwa kupapasa tu, bila kuitoa saa mfukoni. Wateja wake walikuwa wafalme na majenerali.

Kwa wale wasiokuwa na fedha nyingi, alibuni saa rahisi yenye akrabu moja tu. Mnunuzi alitanguliza robo ya bei, kisha akasubiri saa yake iundwe.

Sifa hizo zilizaa balaa. Breguet angali hai, masoko ya Ulaya yalifurika saa ghushi zilizochorwa jina lake. Kwa mkusanyaji, swali la kwanza likawa si uzuri wa saa bali ukweli wake.

Breguet mwenyewe alikuwa ameacha njia ya kulijibu. Kwenye uso wa saa zake nyingi alichora saini ndogo mno, isiyoonekana isipokuwa saa ikiinamishwa ili mwanga uipige kwa upande. Aidha, saa zilipewa namba, na daftari za karakana zikaandika namba hiyo, jina la mnunuzi na bei.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya saa za kale, daftari huweza kuongeza thamani kuliko dhahabu ya kasha. Saa mbili zinazofanana kwa sura huachana mno kwa bei iwapo moja ina historia inayoweza kufuatiliwa hadi kwa mnunuzi wa kwanza, na mitambo yake haijabadilishwa na mafundi wa baadaye.

Salomons aliitazama saa kwa jicho la mhandisi. Mnamo 1921 alichapisha kitabu kuhusu Breguet, chenye picha na maelezo ya saa alizokuwa nazo. Mambo yaliyokuwa yakijulikana na wachache sasa yakawa mikononi mwa yeyote aliyetaka kulinganisha saa halisi na ya bandia.

Kufikia hapo, msiba ulikuwa umebisha mlangoni mwake. Mnamo Oktoba 28, 1915, mwanawe wa pekee wa kiume, Kapteni David Reginald Salomons, alifariki pamoja na askari wenzake zaidi ya 100 meli yao, Hythe, ilipogongwa na nyingine na kuzama karibu na Gallipoli. Mrithi wa cheo hakuwapo tena.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1917, Salomons alinunua saa iliyo mashuhuri kupita zote za Breguet, namba 160. Saa hiyo iliagizwa mnamo 1783, na inasimuliwa kwamba ilikusudiwa Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa. Fundi hakuwekewa mpaka wa gharama wala wa muda.

Ina vipande 823, huonyesha kalenda na kiwango cha joto, na hugonga saa na dakika. Malkia hakuiona ikikamilika. Alikatwa kichwa Oktoba 16, 1793, na saa ikamalizika mwaka 1827, wakati hata Breguet alikuwa kaburini.

Salomons alipofariki, saa 57 zilizo bora, namba 160 ikiwa mojawapo, zilimwendea binti yake, Vera. Nyingi za zile nyingine ziliuzwa baadaye.

Vera hakuzifungia sandukuni. Alifadhili makumbusho ya sanaa ya Kiislamu mjini Jerusalem, kwa heshima ya rafiki yake Profesa Leo Aryeh Mayer, akiamini kwamba Wayahudi wanapaswa kuujua na kuuheshimu ustaarabu wa majirani zao Waarabu. Alifariki mwaka 1969, na makumbusho hayo yakafunguliwa 1974, saa za babake zikiwa humo.

Usiku wa Aprili 15, 1983, mwizi aliingia na kutoweka na vitu 106 vya mkusanyo huo, namba 160 ikiwamo. Polisi walitafuta kwa zaidi ya miaka 20 bila mafanikio.

Ajabu ni kwamba umaarufu wa saa hizo ndio uliozilinda. Kila mnunuzi mkubwa duniani alizijua, kwa hivyo hazikuuzika mnadani. Mwizi, Naaman Diller, alikufa mwaka 2004. Mnamo 2006 mjane wake, kupitia kwa wakili, alianza kuzirejesha, na mwaka 2008 nyingine zikapatikana Ufaransa. Kwa jumla, 96 zilirudi Jerusalem.

Ukoo wa Salomons ulipoteza cheo chake mwaka 1925 kwa kukosa mrithi. Lakini namba 160 ilirudi nyumbani, kwa kuwa kuna mtu aliyejali kuandika ni saa gani.