Krapf wa Rabai: Aliomba miaka mingi, akapewa asichokiomba

Jirani yangu ni mama Mkristo, mzaliwa wa Rabai. Tumekaa ukuta kwa ukuta karibu miaka kumi sasa. Tangu mumewe aachishwe kazi na mtoto wao wa pili aanze kuugua, kila Ijumaa usiku humsikia akifunga mlango kwenda kwenye kesha la kanisa lao. Alfajiri nikitoka kwenda msikitini, hupishana naye akirudi, leso mabegani na macho mekundu kwa usingizi.

Majuzi alinisimamisha. Alitaka kujua, kwa kuwa watu huniita mwalimu, kama mtu akiomba mwaka mzima na mambo yakazidi kuharibika, aendelee kukesha au akubali tu kwamba hasikilizwi. Nilimjibu mawili matatu ya haraka kuhusu subira, kama tufanyavyo wengi tukikosa la kusema. Lakini nilisali sala ile moyo wangu hauko pamoja nami. Nilijua sikumjibu.

Baadaye nilikumbuka kwamba jibu, kama lipo, liko kwao Rabai. Ni maisha ya Mjerumani mmoja ambaye watoto wa shule humjua kwa mstari mmoja tu wa historia, kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Johann Ludwig Krapf ana makubwa kuliko hayo, na mengi yake ni ya machozi.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alisoma, akaingia chuo cha wamishonari mjini Basel, Uswisi, akapatwa na shaka, akakiacha, akaenda kusomea theolojia Tübingen. Hata upadri wa nyumbani haukumkalia sawa. Mwaka wa 1837 jumuiya ya wamishonari wa Kanglikana ya Uingereza, CMS, ilimtuma Uhabeshi.

Huko ndiko alikotaka kuzikwa. Haja yake kubwa ilikuwa kuwafikia Waoromo, ambao wakati ule wakiitwa Wagala. Alifukuzwa kaskazini mwa nchi mwaka wa 1838, akazunguka, akaingia Shewa kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa karibu miaka mitatu akijifunza lugha. Mwaka wa 1842 alitoka kwenda Misri kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich. Njiani aliporwa kila alichokuwa nacho. Walifunga ndoa, wakarudi ili waingie tena Uhabeshi, wakakuta milango imefungwa. Wakiwa safarini nyikani, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Mtoto hakuishi. Walimwita kwa neno la Kihabeshi lenye maana ya chozi, wakamzika hapo, wakaendelea na safari.

Mtu mwingine angerudi kwao. Krapf alifikiri kwamba kama njia ya kaskazini imezibwa, huenda Waoromo wanafikika kutoka kusini, kutoka pwani yetu. Novemba 1843 waliondoka Aden kwa chombo cha matanga. Chombo kikavuja, nusura wazame, wakarudishwa Aden. Wakapanda kingine. Januari 1844 walifika Unguja, ambako Sayyid Said bin Sultan aliwapokea kwa heshima na kumpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi wa Mei mume na mke walikuwa wamekwisha kupata makao Mombasa, na Rosine alikuwa mjamzito tena.

Tarehe 8 Juni Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Naomba msomaji alishike hilo, tutalirudia.

Mwezi mmoja tu baadaye homa iliwaangusha wote wawili. Rosine alijifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa Julai, homa ikamzidi. Kwa maelezo ya mumewe mwenyewe, Rosine alipoona anakwenda aliwaombea jamaa zake, akawaombea watu wa Afrika Mashariki, akamwombea hata Sayyid Said, kwamba Mungu auelekeze moyo wake kwenye mema ya raia zake. Krapf alikuwa amelala kando, mgonjwa kiasi kwamba mkewe alipokata roho ilibidi ashikiliwe ainuke ahakikishe kama kweli amekufa. Siku chache tu baada ya kuzaliwa, mtoto naye alimfuata mamake. Mama na mwana walizikwa ng'ambo, upande wa bara, kwa sababu Rosine alitaka alazwe njiani kwa watu wa bara, wapitao wapate kukumbuka kilichomleta. Kaburi hilo lipo mpaka leo upande wa Nyali. Wengi wetu hupita karibu yake kila siku kwenda kazini bila kujua.

Hebu tusimame hapa kidogo. Huyu ni mtu wa miaka 34. Kazi aliyoiombea Uhabeshi imekufa. Watoto wawili wamekufa. Mke amekufa. Yeye mwenyewe anatetemeka kwa homa katika mji wa wageni, na hakuna hata mtu mmoja aliyeikubali dini yake. Aliwaandikia wakubwa wake London barua ambayo Wakristo wanaikumbuka hadi leo, akiwaambia kwamba sasa wana kaburi katika pwani hii, na kwamba walichukue kuwa alama ya kuanza. Alipopata nguvu za kukaa, alirudi kwenye meza ya tafsiri.

Mwaka wa 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann. Wazee wa Rabai waliwakubalia kukaa, na Agosti mwaka huo wakahamia huko, wote wawili wakiwa na homa, Krapf akiwa amepakiwa juu ya punda kwa sababu miguu haikumbeba. Walijenga nyumba kwa mikono yao. Mwaka wa 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui kwa Kivoi, mkuu wa Wakamba, aliuona Mlima Kenya. Walipopeleka habari Ulaya, mabwana waliokaa na ramani zao mezani waliwacheka. Theluji kwenye ikweta? Hata hilo hawakuaminiwa.

Wenzake waliotumwa kumsaidia walikufa mmoja mmoja kwa homa, au walirudi kwao. Naye alikuwa ameota ndoto ya vituo vya wamishonari kuanzia Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Ndoto hiyo haikufika hata Ukambani.

Mwaka wa 1851 alikwenda tena kwa Kivoi, wakaongozana kuelekea mto Tana. Majambazi wakawavamia, Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika. Krapf alibaki peke yake msituni. Alitembea usiku na kujificha mchana. Alijaza maji kwenye mkoba wa darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi, vichaka vikazing'oa zile nyasi na maji yakamwagika. Alikula majani, mizizi na sisimizi. Kiu ilipomkaribia kumuua alisikia nyani wakipiga kelele, akaifuata sauti, akakuta wamechimba mchanga wa mto mkavu na maji yamo. Aliporudi Rabai, watu walikuwa wamekwisha kumhesabu kuwa maiti.

Kwa miaka yote hiyo ya kuamka na kuomba, waliobatizwa Rabai hawakujaa hata kiganja. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu asiye na cheo, aliyebatizwa karibu na kufa kwake. Mwaka wa 1853 afya ilimshinda Krapf, akarudi Ujerumani, akakaa Korntal. Alirudi huku mwaka wa 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kituo cha Ribe, akaugua tena, akarudi tena kwao. Alizika na mke wa pili.

Sasa nirudi kwa wale watakaoniuliza Muislamu na mmishonari wapi na wapi. Sitawaficha kitu. Krapf hakuja kutupenda sisi kwa dini yetu. Aliandika juu ya Uislamu na juu ya Waswahili maneno makali, mengine ya dharau, na juu ya mila za Mijikenda pia. Alitaka Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu tulizozizoea, na sababu yake moja ilikuwa kuipunguza nguvu dini yetu. Asomaye maisha yake ayasome na hayo.

Lakini nimesema tutarudi kwa yule kadhi. Kadhi wa Mombasa alikaa meza moja na mtu huyu, akamsaidia maneno, ingawa alijua vyema alilolijia. Naye Krapf, aliyekipinga tulichokiamini, alikusanya miswada ya tenzi za Kiislamu na kuipeleka Ujerumani mwaka wa 1854, na kati yake ulikuwamo Utenzi wa Tambuka, unaosimulia vita vya Tabuk. Aliandika sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka wa 1850, na kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka wa 1882. Leo mtafiti wa Kiswahili cha Mombasa cha wakati ule, Muislamu au Mkristo, hana budi kuifungua kamusi hiyo. Aliomba Waoromo, akapewa maneno yetu. Aliomba safu ya vituo, akapewa kaburi. Na ng'ambo ileile, mwaka wa 1875, ukaanzishwa mji wa Freretown kwa ajili ya watu waliookolewa katika utumwa, ule ambao kengele yake ndiyo iliyotuachia jina la Kengeleni. Yeye hakuupanga.

Wakristo wana agizo la kukesha na kuomba, na wanasimulia jinsi wanafunzi wa Nabii Isa walivyolala usiku ule alipowataka wawe macho pamoja naye. Sisi tuna tahajudi, na tuna kisa cha Nabii Ayub. Nikiyatazama maisha ya Krapf naona kwamba kukesha kwake hakukuwa kumngojea Mungu atie sahihi ombi lake. Kila alipofungiwa mlango alipiga magoti, halafu akainuka na kutazama ni kazi gani iliyo mbele yake siku hiyo. Uhabeshi ikifungwa, kuna Mombasa. Mke akifa, kuna ukurasa wa tafsiri uliobaki mezani. Akiwa na kiu, kuna sauti ya nyani, na aliye macho ndiye huisikia. Mtu anayeomba jambo moja tu huku amefumba macho kwa mengine yote anaweza kufa kiu hatua chache kutoka kwenye maji.

Wala sisemi alikuwa mkavu wa moyo. Alilia, na mwenyewe aliyaandika majonzi yake. Kulia hakukumzuia kuomba, na kuomba hakukumzuia kulia.

Tarehe 26 Novemba 1881, huko Korntal, Krapf aliingia chumbani kwake kulala. Walipokwenda kumtazama walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Alikuwa na umri wa miaka 71. Kamusi yake ilikuwa bado haijatoka kiwandani, na Rabai ilikuwa bado na kanisa dogo. Kama alikuwa akiomba lilelile la siku zote, basi aliondoka bila kulipata.

Ijumaa iliyofuata nilimngoja jirani yangu kwenye kona, nikamsimulia haya kwa ufupi tukiwa tumesimama, adhana ikikaribia. Jina la Krapf alilijua tangu utotoni, kwa kanisa la kwao na jumba la makumbusho la Rabai, lakini habari za Rosine na watoto wawili hakuwa amezisikia. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kaburi liko upande gani hasa wa Nyali, na nikamwelekeza.

Mtoto wake bado anaumwa na mumewe bado hana kazi. Lakini Jumatatu alikwenda kumwona mganga mkuu wa zahanati ambaye alikuwa akiahirisha kumwendea, na majirani wawili, mmoja wetu na mmoja wao, wamechanga nauli ya kumpeleka mtoto hospitali kubwa. Ijumaa usiku nilisikia mlango wake ukifungwa kama kawaida. Nami nilitia saa yangu mapema kidogo kuliko siku zote, niamke nimwombee mtoto wake.