Dakta Williamson wa Mwadui na Kiti Kilichokosa wa Kukikalia



Nimeombwa niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri wa kanda yetu aliyefariki zamani, nami nimemchagua Dakta John Thoburn Williamson, mwenye machimbo ya almasi ya Mwadui. Wako watakaouliza kwa nini nimemwacha mtemi au mpigania uhuru nikamchukua Mzungu tajiri. Jibu langu ni kwamba wengi wetu tulipokuwa wanafunzi tulipelekwa Bujora, pale Kisesa, tukaonyeshwa ngoma na viti vya watemi wa Usukuma, tukaelezwa jinsi mtemi alivyopatikana. Tulidhani hayo ni mambo ya kale. Baadaye nilipoingia katika kazi za ofisi na vikao vya bodi niliona kwamba swali la Bujora ndilo swali la kila kampuni: akiondoka aliye juu, nani atakaa pale, na nani mwenye haki ya kumchagua? Katika nchi yetu simjui mtu ambaye maisha yake yanalijibu swali hilo kwa uchungu kama Williamson.

Alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Alikwenda Chuo Kikuu cha McGill akiwa na nia ya kusoma sheria, lakini safari moja ya likizo pamoja na wanajiolojia huko Labrador ilimgeuza moyo. Akaiacha sheria, akasoma miamba, na hakuiacha tena mpaka alipopata shahada ya udaktari. Mwaka 1934 alikuja Afrika kufanya kazi katika kampuni ya madini huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha akaletwa Tanganyika katika machimbo madogo ya almasi ya Mabuki. Mabuki si mbali nasi. Ukitoka Mwanza kwenda Shinyanga utaipita baada ya Misungwi.

Machimbo ya Mabuki hayakuwa na faida, na wenyewe walipotaka kuyaacha Williamson aliomba aendelee nayo kwa nafsi yake. Ndipo ilipoanza ile miaka ambayo watu wa Mwanza waliokuwa hai wakati huo waliisimulia kwa kicheko na huruma. Alizunguka Usukuma na Unyamwezi na gari bovu, akiugua malaria, akidaiwa madukani, akichekecha mchanga. Akili yake ilimwambia kwamba almasi chache zilizotapakaa Mabuki na kwingineko lazima ziwe na mama yao mahali fulani. Wenzake wengi hawakumwamini.

Aliyemwamini ni wakili wa Kihindi wa pale Mwanza, Bwana Iqbal Chand Chopra. Chopra alimsaidia kwa fedha na kwa kalamu yake ya sheria, naye akapewa sehemu ya mali itakayopatikana. Naomba jina hilo mlikumbuke, maana tutalirudia.

Mwezi Machi 1940 Williamson aliipata almasi ya Mwadui. Masimulizi ya mbuyu yako ya namna nyingi. Wengine husema gari lilikwama chini yake, wengine husema alikaa kivulini kupumzika. Mimi siyategemei sana masimulizi hayo, kwa kuwa yanaifanya kazi ya miaka mingi ionekane kama bahati ya mchana mmoja. Lililo hakika ni kwamba chini ya ardhi ile lilikuwako bomba la mwamba wa almasi lenye eneo la hekta 146, moja ya makubwa kabisa kuchimbwa duniani. Kampuni ya Williamson Diamonds iliundwa mwaka 1942, wakati Vita Kuu ya Pili inaendelea na vifaa havipatikani. Mitambo ya kwanza iliungwa kwa vyuma vilivyookotwa huku na huku.

Vita ilipokwisha Mwadui ilikua mpaka ikawa mji. Palikuwa na umeme, bwawa, hospitali, shule, maduka na kiwanja cha ndege. Maelfu ya watu walipata ajira, wengi wao Wasukuma. Nyumba ziligawanywa kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, kama ilivyokuwa desturi ya ukoloni. Hilo tusilifunike kwa sifa. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati zaidi ya 54. Williamson aliitoa zawadi ya arusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ikakatwa ikabaki karati 23 na kitu, kisha ikatiwa katika kipini cha ua. Jina lake likaenea ulimwenguni. Yeye mwenyewe hakupenda kuonekana. Hakuoa. Alisoma vitabu, alivuta sigara, alikunywa, na alikaa Mwadui.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwadui iliendeshwa na mtu mmoja. Kwa sheria kampuni ilikuwa na wakurugenzi, na miongoni mwao alikuwapo nduguye Percy na yule wakili Chopra. Lakini bodi ya wakurugenzi ambayo mwenye sehemu kubwa ya hisa, meneja mkuu na mgunduzi wa machimbo ni mtu yule yule, na wengine ni ndugu yake na rafiki yake wa siku za njaa, ni bodi ya jina. Nani angemwambia hapana? Nani angethubutu kumwuliza, kikaoni, kwamba Dakta ukifa kesho itakuwaje?

Tusimwonee. Kutawala peke yake kulimpa nguvu ambayo kampuni zenye kamati nyingi hazikuwa nayo. Wakati ule biashara ya almasi duniani ilishikwa na kampuni ya De Beers ya Afrika Kusini, chini ya Sir Ernest Oppenheimer. Karibu kila mchimbaji mkubwa aliuza kupitia chombo chao cha London, kwa kiasi walichopanga wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Williamson hakuridhika na sehemu aliyopewa. Akaacha kuuza, akaziweka almasi zake akiba, mpaka wakapatana. Mtu mmoja wa Mwadui alilitikisa soko la dunia nzima. De Beers walitaka kuyanunua machimbo yake, naye hakukubali kuyauza. Bodi yenye wanahisa wenye haraka ya gawio ingeweza kumlazimisha asalimu amri mapema. Uamuzi wa mtu mmoja ulikuwa ngao ya Mwadui.

Lakini ngao ile ilikuwa ni mwili wa binadamu. Williamson alipatwa na saratani ya koo, akafa mwezi Januari 1958, umri wake haujatimia miaka 51.

Na tulinganishe na yale tuliyofundishwa Bujora. Katika Usukuma mtemi hakuwa peke yake. Walikuwako banang'oma, yaani wana wa ngoma, baraza la watu wa ukoo wa utemi na wazee. Hao walimshauri mtemi alipokuwa hai, na alipovunja desturi au nchi ikaharibika mikononi mwake waliweza kumwondoa. Mtemi akifa, wao ndio waliokutana kumchagua wa kumrithi, na kifo chenyewe kilifichwa mpaka mambo yawe tayari, ili nchi isipate nafasi ya kutetereka. Hapo kale kiti hakikuwa lazima kiende kwa mwanawe mtemi. Mara nyingi kilikwenda kwa mtoto wa dada yake, na hata hapo baraza lilitazama nani anafaa miongoni mwa wanaostahili. Wakoloni waliyageuza mengi ya haya, wakataka mtemi wanayemfahamu wao, na utemi wenyewe ulifutwa na Serikali mwaka 1963. Padri David Clement, Mkanada kama Williamson, ndiye aliyehangaika kuzikusanya ngoma zile Bujora ili zisipotee.

Vijana, mkitaka kuelewa kazi ya bodi ya wakurugenzi, anzieni kwa banang'oma. Bodi haichimbi almasi wala haiendeshi mtambo. Kuna meneja wa kufanya hayo. Kazi yake ya kwanza ni kumpata mkuu wa kazi, ya pili kumwangalia, ya tatu kuwa na jina la mtu mwingine mfukoni tangu siku ile ile inapomwapisha huyu wa sasa. Hiyo ya tatu ndiyo inayoonewa haya. Kwetu, kumtaja mrithi wa mtu aliye hai huonekana kama kumwombea kifo. (Sitaki kusema ni vyama vingapi, pamoja na vya watu waliosoma, vina mwenyekiti mmoja kwa sababu hiyo tu.) Banang'oma hawakuona haya, maana walijua kwamba ngoma ni ya nchi, siyo ya mtemi.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Sir Ernest Oppenheimer, yule mpinzani mkubwa wa Williamson, alikufa mwezi Novemba 1957. Muda wa miezi miwili haukupita kabla Williamson naye hajafa. Wakubwa wawili wa almasi wakaondoka takriban pamoja, mmoja mzee wa miaka 77, mwingine mtu wa makamo. Lakini upande wa Oppenheimer mwanawe Harry alikuwa ndani ya kampuni tangu mwaka 1931. Alikuwa amepitia kazi, amekaa katika bodi, amekuwa mbunge, na wakurugenzi wenzake walimjua nguvu zake na kasoro zake. Alipokufa baba, kiti hakikukaa kitupu. Harry na Williamson walikuwa karibu marika, wamepishana mwaka mmoja tu wa kuzaliwa.

Upande wa Mwadui sehemu kubwa ya mali ilipita kwa jamaa zake, Percy akiwa mbele, na Chopra alikuwa na hisa zake. Kwa hiyo warithi wa mali walikuwapo. Aliyekosekana ni mrithi wa kazi: mtu aliyeandaliwa, aliyekwisha kupewa machimbo ayaongoze mwenye mali akiwapo, na ambaye bodi ingesimama nyuma yake siku wanunuzi walipobisha hodi. Percy alikuwa mtu wa kazi pale pale Mwadui, wala sisemi alikuwa mvivu au mjinga. Lakini kukabidhiwa vita iliyokuwa moyoni mwa kaka yako, ambayo hakuwahi kukuachia uiongoze hata siku moja, ni mzigo ambao wachache wangeubeba.

Wakauza. Mwezi Agosti 1958 Mwadui ilipita mikononi mwa De Beers na Serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Kampuni ambayo marehemu alikataa kuiuzia ilipata nusu ya machimbo yake katika miezi minane tu baada ya kifo chake. Kipindi chote cha uhai wake hawakuweza kumshinda, na mara tu alipoondoka hawakuwa na mtu wa kushindana naye.

Nalitaka niongeze jambo moja ambalo wanaoandika juu ya Williamson hulipita haraka. Katika hesabu zote za nani atakaa kwenye kile kiti, hakuwamo hata mtu mmoja wa nchi hii. Maelfu ya Wasukuma walikuwa wameitoa almasi ile ardhini, na uhuru ulikuwa umebakiza miaka mitatu. Hiyo nusu ya Serikali ndiyo iliyoifikisha Tanganyika huru mezani, ikawa na sauti katika bodi ya Mwadui. Kwa maoni yangu hilo ndilo jema pekee lililotoka katika kukosekana kwa mrithi, na halikupangwa na Williamson.

De Beers wenyewe waliendelea kulichukulia suala la urithi kwa uzito. Harry Oppenheimer alipostaafu uenyekiti wa De Beers mwishoni mwa mwaka 1984, hakumkabidhi mwanawe Nicky. Alifuata Julian Ogilvie Thompson, mtu wa nje ya ukoo aliyelelewa ndani ya kampuni, na Nicky alingoja mpaka mwaka 1998. Hata tajiri mwenye mtoto alikubali kwamba kiti kinaweza kupita kwanza kwa anayekiweza.

Mwadui imebadilisha wenyewe mara kadhaa tangu hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ilichukua na ile nusu ya De Beers, ikaendesha kwa mashirika yake, na uzalishaji ukashuka miaka ilivyokwenda. Mwaka 1994 De Beers walirudi wakiwa na asilimia 75 na Serikali 25. Mwaka 2009 sehemu ya De Beers ikachukuliwa na Petra Diamonds. Katika mauziano yote hayo kampuni iliendelea kuitwa Williamson Diamonds.