Sheikh Al-Amin na Kikombe Kilichojaa

Sisi wa Doha miezi hii tunaishi kama popo, tunatoka jua likishazama. Safari hii nimepewa zamu ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyetangulia mbele ya haki. Mimi ni mhandisi, kutwa niko maabara napima jinsi utando unavyochuja chumvi kwenye maji ya bahari, kwa hiyo mnisamehe nikiandika kama ripoti.

Nimemchagua Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, na sababu nitaisema wazi. Mwaka jana nilifika mahali ambapo nilikuwa siamini kitu kisichoingia kwenye grafu. Hakuna aliyenilazimisha. Ni hali ya maisha ya chuo tu: umechapisha makala ngapi, zimetajwa na wangapi, umeleta fedha kiasi gani. Ukiulizwa hivyo miaka sita, mwishowe unajiuliza mwenyewe hivyo hivyo. Sala ikawa kitu cha Ijumaa, halafu kitu cha Idi. Mama akipiga simu kuniuliza kama naswali, najibu mtandao mbaya.

Siku moja tukinywa karak, mwenzangu mmoja Mjapani akanipa kisa cha watu wa Zen. Zama za Meiji, profesa wa chuo kikuu alikwenda kwa mwalimu Nan-in kuuliza habari za Zen. Mwalimu akammiminia chai, kikombe kikajaa, naye akaendelea kumimina mpaka ikamwagika. Profesa akashtuka. Akaambiwa yeye ni kama kikombe hicho, amejaa maoni yake, cha kumfundisha kitaingia wapi? Nilicheka, halafu nikanyamaza. Nikamkumbuka Sheikh Al-Amin, aliyezaliwa zama hizo hizo, ng'ambo ya bahari.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliotawala mji huo mpaka 1837. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla, alikuwa mwanachuoni aliyefungwa na Sayyid Barghash kwa msimamo wake wa dini, akatoka baada ya Barghash kufariki mwaka 1888. Baba naye akafariki 1894, mtoto bado mdogo kabisa. Al-Amin akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye akavuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir, vigogo wa elimu wa pwani nzima.

Sasa hebu tufikiri. Kijana wa ukoo ule, mwenye walimu wale, kwa desturi amekamilika. Angeweza kukaa barazani, watu wakaja kumbusu mkono, basi. Yeye akaanza kusoma maandishi kutoka Cairo, hasa jarida la Al-Manar la Rashid Rida, mfuasi wa Muhammad Abduh. Hoja yao ilikuwa kwamba akili na dini si maadui, na kwamba Waislamu walibaki nyuma kwa kuacha kufikiri. Kwa mtu aliyekwisha kuitwa mwanachuoni, kukubali kuanza upya kuuliza maswali si mchezo.

Na Mombasa yake ilikuwa imegeuka. Waingereza walitangaza himaya yao mwaka 1895, reli ikaanza kujengwa 1896, na kazi zikawa za wale wanaojua Kiingereza na hesabu. Wazee wengi waliogopa shule za serikali kwa kuona watoto watapotea dini. Vijana nao wakaanza kuona dini ni mambo ya kizamani, maendeleo ni suti na sinema. Kila upande ulikuwa na kikombe chake, kimejaa pomoni.

Sheikh Al-Amin aliwakatalia wote wawili. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 likafuata gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Wanavyuoni wenziwe waliandika Kiarabu wakasomana wenyewe kwa wenyewe. Yeye alitaka muuza duka naye aelewe. Aliandika juu ya elimu, ya wavulana na ya wasichana, juu ya gharama za arusi zinazoacha watu na madeni, juu ya umoja, na juu ya kuiga bila kufikiri. Kwa ufupi, wazo lake lilikuwa hivi: chukueni kwa Mzungu elimu yake, bidii yake na mshikamano wake, ulevi wake mwachieni mwenyewe. Yaani alichuja. Mimi ninayekesha na utando maabara nimemwelewa vizuri sana hapo. Utando unaozuia kila kitu hautoi maji, na unaopitisha kila kitu unakupa bahari ile ile.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali kwa mila alizoziona ni uzushi, na mjini wapo waliomchukia kwa hilo. Hata hivyo mwaka 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, mpaka alipofariki mwaka 1947. Alikuwa ameanza kufasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Mauti yakamkuta hajamaliza.

Aliacha pia mtoto wa miaka 14, Ali. Baba alitumaini mwanawe aende Al-Azhar. Mtoto akaishia Manchester, Columbia na Oxford, akawa Profesa Ali Mazrui tunayemjua sote. Kuna watakaosema hapo baba alishindwa. Mimi sioni hivyo. Mwaka 1986 profesa huyo alitengeneza filamu za televisheni kueleza kwamba Mwafrika amerithi mambo matatu, ya asili yake, ya Uislamu na ya Magharibi. Hilo ni swali la baba yake lile lile, limeingia chuo kikuu kwa mlango mwingine. Alipofariki Marekani mwaka 2014, alirudishwa kuzikwa Mombasa, kwenye makaburi ya ukoo.

Hapa Doha, Education City, uko msikiti uliofunguliwa mwaka 2015. Umebebwa na nguzo tano, na chini ya paa hilo hilo kuna chuo cha masomo ya Kiislamu. Miaka yote nilikuwa naupita nikipiga hesabu ya uzito kwenye kila nguzo. Juzi niliingia. Sikuona nuru wala sikusikia sauti, nisiwadanganye. Nilikaa tu kwenye zulia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa sina hesabu kichwani. Maabara nilirudi jioni hiyo hiyo, utando wangu bado unavuja na makala bado haijaisha.

Nikampigia mama kabla hajanipigia. Mtandao ulikuwa mzuri.

Wasalaam, tukijaaliwa tutaonana toleo lijalo.