Mwalimu Nyerere na Mwanafunzi Wake Mmoja

Wapendwa vijana wenzangu, wiki hii naomba tuanze na kinanda. Wengi wetu tuko kwaya, na wachache wameanza kujifunza kinanda kwa mwalimu binafsi. Yaani mnakaa wawili tu, saa moja au mbili kwa wiki, unamlipa. Ukijifunza hivyo huna pa kujificha. Darasani mkiwa hamsini unaweza kukosea na mwalimu asijue, lakini mkiwa wawili, kidole kikiteleza tu anasikia, mnarudia. Wiki tatu mko kwenye wimbo mmoja. Unachoka, unaanza kujiuliza hela yako inaenda wapi. Na mwalimu naye, mtu anayeweza kuongoza kwaya nzima, anapata nini kwa kukaa na mtu mmoja ambaye hata kuweka vidole hajui?

Basi, huku kwetu Mara kuna mtu aliyewahi kuwa mwalimu wa namna hiyo. Hakufundisha kinanda, alifundisha lugha. Wote mnamjua, ila kipande hiki cha maisha yake hatukisimulii mara nyingi. Ni Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, mama yake Mugaya Nyang'ombe. Kambarage alichunga mifugo kama watoto wengine, na mpaka anafika miaka 12 hakuwa ameingia darasani. Mwaka 1934 akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Leo kutoka Butiama hadi Musoma unapanda gari tu unafika. Kwa mtoto wa wakati ule ilikuwa ni kuhama nyumbani, kukaa bweni, na kuanza lugha mpya. Ndiyo, lugha mpya! Nyumbani alikuwa anaongea Kizanaki. Kiswahili kile tunachokisifia mpaka leo alijifunza shuleni, akianzia kule wanakoanzia wote. Kozi ya miaka minne aliimaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaenda sekondari Tabora.

Hapo hapo Mwisenge ndipo alipoanza kusikia mafundisho ya dini, akifuatana na rafiki yake aliyekuwa anahudhuria. Sasa angalia hili, wewe unayelalamika kwamba mafundisho ya Kipaimara ni marefu. Hakubatizwa mwaka ule, wala uliofuata. Alimaliza Mwisenge, akapita Tabora, baba yake akafariki mwaka 1942, yeye akaingia Makerere, ndipo tarehe 23 Desemba 1943 akabatizwa katika misioni ya Nyegina, siku mbili kabla ya Noeli. Alikuwa na miaka 21, akachukua jina la Julius. Tangu Mwisenge mpaka siku ile ni zaidi ya miaka sita ya kujifunza na kusubiri.

Baada ya Makerere alifundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 akaenda Scotland, Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi na shahada yake mwaka 1952. Januari 1953 alifunga ndoa Musoma na Mama Maria, binti wa Tarime na yeye mwalimu. Kisha akaajiriwa kufundisha shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaanzishwa, yeye akiwa rais wake. Machi 1955 akasafiri mpaka New York kuieleza Umoja wa Mataifa hoja ya Watanganyika. Aliporudi ikabidi achague: ama ualimu wa Pugu, ama siasa. Hebu jiweke kwenye viatu vyake. Una mke na familia changa, na mshahara wa shule ndio unaowalisha. Chama bado kichanga, uhuru hakuna anayejua utakuja lini. Akajiuzulu ualimu, akarudi nyumbani Uzanaki bila kazi.

Naamini kijijini walikuwepo waliomshangaa. Msomi wa Ulaya, juzi tu alikuwa New York, leo yuko Butiama hana mshahara.

Kipindi hicho mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walikuwa wanaitumikia Musoma, na mmoja wao, Padre Arthur Wille, alihitaji kujua Kizanaki. Unaelewa kwa nini. Bibi ambaye hajui Kiswahili atamwungamia padre kwa lugha gani? Mgonjwa anayekaribia kufa atafarijiwa kwa lugha gani? Basi mapadre wakamwomba Nyerere amfundishe, nao wakamlipa kwa kazi hiyo. Yule aliyezoea madarasa yaliyojaa akawa sasa na mwanafunzi mmoja.

Wewe uliyewahi kufundishwa peke yako unajua kazi hiyo inakuwaje. Neno linatamkwa, linakosewa, linarudiwa. Salamu ambayo mtoto wa Butiama anaijua tangu mgongoni mwa mama yake, mtu mzima anaihangaikia siku nzima. Na Kizanaki wakati ule kilikuwa na maandishi machache mno, kwa hiyo kitabu kikubwa cha mwanafunzi kilikuwa ni mwalimu mwenyewe. Zaidi ya kufundisha, Nyerere alitafsiri katekisimu na sehemu za Injili kwa Kizanaki, ili watu wa kwao wamsikie Kristo kwa lugha ya mama zao.

Ilikuwa miezi michache tu. Kabla mwaka 1955 haujaisha alirudi Dar es Salaam kuendelea na kazi ya chama, na yaliyofuata mnayajua: uhuru tarehe 9 Desemba 1961, urais kuanzia 1962, kung'atuka mwaka 1985. Alikosea pia. Katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu, wakaumia, na si haki tulifiche hilo kwa sababu tunampenda. Lakini katika madaraka yote hayo alidumu kwenda Misa hata siku za kazi, na kati ya majina yote ya heshima, lililomkaa mpaka leo ni Mwalimu.

Na ile kazi ya Injili hakuiacha. Uzeeni alitunga tenzi ndefu za Injili zote nne na Matendo ya Mitume, zikachapishwa mwaka 1996. Wanakwaya, ninyi mnajua kuhesabu mapigo. Mtunzi wa tenzi naye anahesabu mizani, kwa kawaida nane kila mstari, na vina vikae mahali pake. Hesabu hiyo kwa vitabu vitano vya Biblia! Huwezi kuifanya kama hukujizoesha kurudia kitu kidogo mpaka kikae sawa.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa nyumbani Butiama. Mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulianza katika Jimbo la Musoma. Kanisa bado linachunguza, na sisi tunasubiri kwa utulivu.

Kwa nini nimewasimulia haya? Kwa sababu sisi vijana tunapenda jukwaa. Tunataka kupiga kinanda Misa ya Pasaka, mazoezi hatuyataki. Tunataka kuongoza watu mia, kumsaidia mdogo wetu mmoja tunaona kupoteza muda. Nyerere alitoka New York akafundisha mtu mmoja kusalimia kwa Kizanaki, na sijui kama mbele za Mungu kazi ile ilikuwa ndogo kuliko hotuba. Bwana wetu mwenyewe alikaa kisimani na mama mmoja Msamaria, akamfundisha peke yake, mchana wa jua kali.

Kwa hiyo kama uko Musoma, Bunda, Butiama au popote, na mwalimu wako wa kinanda amekurudisha tena mwanzo, rudi. Usinune. Na kama wewe ndiye unayejua, mtafute mmoja umfundishe.

Zoezi la wiki: chagua mtu mmoja tu, mpe saa moja ya kile unachokijua. Hesabu, kinanda, kusoma somo la Misa, chochote. Usipige picha, usiposti.

Tusali. Ee Bwana Yesu, Mwalimu mwema, unatuvumilia tunapokosea lile lile kila siku. Utupe moyo wa kujifunza bila aibu na kufundisha bila majivuno. Na kama ni mapenzi yako, mtumishi wako Julius apewe heshima ya altare. Amina.

Tukutane wiki ijayo. Tumsifu Yesu Kristo!