Alexander Mackay: Fundi aliyekataa kurudi kwao, akafia Usambiro

Ukitaja Msalala leo, wengi wanawaza mgodi wa Bulyanhulu na malori ya Kahama. Ukitaja Geita, ni dhahabu tu. Lakini miaka ya 1880, kabla ya migodi hii mikubwa, upande huu wa kusini mwa Ziwa Victoria ulikuwa na sehemu iliyoitwa Usambiro, na hapo palikuwa na karakana. Mwenye karakana alikuwa Mskochi mfupi, ndevu za kahawia, jina lake Alexander Mackay.

Alikuwa mmisionari, lakini siyo wa kukaa na joho. Alikuwa injinia.

Alizaliwa Oktoba 13, 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji na ndiye aliyemfundisha nyumbani. Ilitegemewa kijana afuate njia ya baba. Yeye akapenda mashine. Akasoma uhandisi Edinburgh, kisha akaenda Ujerumani na kupata kazi ya kuchora michoro ya mashine Berlin. Huko alijiunga na watu waliokuwa wakijifunza Biblia pamoja, na taratibu wazo likamkaa kichwani: kama mhubiri anaweza kumtumikia Mungu kwa mdomo, kwa nini fundi asimtumikie kwa nyundo?

Novemba 1875 gazeti moja la London lilichapa barua ya msafiri Henry Morton Stanley, akiomba wamisionari waende kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Hakutaka wa kuhubiri tu, alitaka wanaojua kazi za mikono. Mackay akajitokeza. Aprili 1876 akaondoka Uingereza na wenzake chini ya shirika la CMS. Walikuwa wanane.

Siku ya kuagana, yeye akiwa mdogo kuliko wote, aliwaambia viongozi wa shirika jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia: kwamba ndani ya miezi 6 huenda wakapata habari kuwa mmoja wao amekufa, na habari hiyo ikifika wasikate tamaa, watume mwingine. Haikuchukua hata hiyo miezi 6. Miaka 2 baadaye kadhaa kati ya wale wanane walikuwa wameshafariki, wawili kati yao wakiuawa Ukerewe Desemba 1877.

Mackay mwenyewe aliugua njiani akarudishwa pwani. Mwingine angepanda meli arudi kwao. Yeye akageuza ugonjwa kuwa kazi, akasimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, zaidi ya kilomita 300 za vichaka na mito. Alipofika ziwani mwaka 1878, kitu cha kwanza alichofanya ni kutengeneza boti iliyokuwa imeoza. Cha pili, akaenda Ukerewe kwa mtawala aliyehusika na vifo vya wenzake, bila silaha, kufanya amani.

Akaingia Buganda Novemba 1878. Hapa kuna jambo ambalo sisi wa Kiswahili tunalisahau: ikulu ya Mutesa ilielewa Kiswahili, na Mackay alikuwa amejifunza lugha hiyo pwani. Mafundisho yake ya mwanzo pale hayakuwa kwa Kiingereza wala Kiganda, yalikuwa kwa Kiswahili. Kiganda kilifuata, akatafsiri na kuchapa kwa mashine ndogo ya mkono.

Watu wakamwita Mzungu wa kazi. Alichimba kisima, akafunga pampu, akanoa zana za watu. Mama wa Kabaka alipofariki mwaka 1882, yeye ndiye aliyetengeneza majeneza makubwa ya mazishi. Vijana walijazana karakanani kuangalia, na akiwa anafua chuma aliwafundisha kusoma. Kijana mmoja, Sembera, aliomba ubatizo kwa barua aliyoiandika kwa kijiti cha nyasi kilichochongwa na wino wa kujitengenezea. Machi 1882 akabatizwa na wenzake wanne. Jina alilochagua? Mackay.

Isidhaniwe alikuwa malaika. Alibishana vikali na mapadri wa Kikatoliki mbele ya Kabaka mpaka Mutesa mwenyewe akachanganyikiwa amsikilize nani. Hasira zake zilijulikana. Lakini moyo wake kwa wale vijana haukuwa na mjadala, na ndio maana kilichofuata kilimuumiza kuliko malaria zote.

Mutesa alikufa 1884, akaja Mwanga. Januari 31, 1885 vijana watatu wa misheni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Rugarama, waliuawa kwa kuchomwa moto. Mackay alikamatwa pamoja nao, yeye akaachiwa. Alihangaika kuwaombea, hakusikilizwa. Juni 1886 yakatokea ya Namugongo, ambako Wakatoliki na Waanglikana waliungua pamoja. Waliobaki walijificha. Mackay akachapa barua ndogo ya Kiganda ya kuwatia moyo, ikapitishwa mkono kwa mkono gizani.

Julai 1887 alilazimika kuondoka. Akavuka ziwa kuja huku kusini. CMS ilikuwa na kituo Msalala, kikahamishiwa Usambiro, na hapo akaanza upya: tofali, nyumba, karakana, shule.

Usambiro haikumpokea kwa upole. Machi 1888 askofu Parker alifia hapo, na mwenzake Blackburn pia. Baadaye mwaka huo mapinduzi ya Buganda yakawafukuza wamisionari wote. Mashua yao ilitobolewa na kiboko, baadhi ya vijana waliokuwamo wakafa maji. Waliofika Usambiro walifika hawana kitu. Mackay akagawana nao alichokuwa nacho.

Kisha, katikati ya 1889, ikaja barua ambayo mtu mwingine angeichana. Ilitoka kwa Mwanga. Kabaka aliyekuwa amepinduliwa alimsihi Mackay asikumbuke ya zamani, akaomba msaada wa kurudi kwenye kiti chake. Huyu ndiye aliyewachoma vijana wake. Mackay hakutoa bunduki. Lakini hakulipa kisasi pia. Gordon na Walker, wamisionari waliokuwa naye Usambiro, wakavuka kurudi Buganda kuwa pamoja na Wakristo waliokuwa upande wa Mwanga.

Agosti 28 mwaka huohuo msafara mkubwa ukaingia Usambiro ukitoka ndani ya bara. Mkuu wake alikuwa Stanley, yule mwenye barua ya gazetini. Alikuta vitabu kila kona ya nyumba, boila ya boti ikitengenezwa, magogo yanapasuliwa, watoto wakitoka darasani. Akakaa karibu wiki 3. Akamshauri Mackay waondoke pamoja hadi pwani, apumzike. Miaka 13 bila kuona nyumbani, inatosha jamani. Mackay akakataa, akawasindikiza kidogo, akarudi kwenye boti yake.

Shirika nalo liliandika kumtaka arudi. Januari 1890 alijibu kwa mzaha uliokuwa na ukweli ndani: watume kwanza watu 20, ndipo huenda akashawishika kwenda kuwasaidia kutafuta 20 wengine.

Mwezi uliofuata mwenzake pekee aliyebaki kituoni, Deekes, alikuwa mgonjwa na tayari kusafiri kwenda pwani. Asubuhi ya safari, Mackay akashikwa na homa. Deekes akaahirisha. Kwa siku 4 alimuuguza, na Februari 8, 1890 Mackay akafariki, akiwa na miaka 40.

Jeneza lilitengenezwa kwa mbao alizokuwa amezikata kwa ajili ya boti. Vijana wa Buganda na watu wa kijijini wakasimama kuzunguka kaburi, kando ya lile la askofu, wakaimba wimbo wa kumsifu Yesu kwa Kiganda.

Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishwa kutoka Usambiro hadi Uganda, ikazikwa Namirembe.