Sahani ya Santuri Iliyomfichua John Hurt

WASWAHILI husema kwamba riziki ni kama ajali, huitambui ijapo. Msemo huu ulimwafiki sana marehemu John Hurt, mkulima Mmarekani mweusi ambaye riziki yake ya muziki ilimbishia hodi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1928, alipokuwa na umri wa miaka 35 hivi. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1963, naye ameshafikia umri wa miaka 70. Baina ya hodi hizo mbili ilipita miaka 35 ya kimya, na walimwengu waliomsikia kwenye santuri wakadhani kwamba amekwisha kufa.

Hurt alizaliwa mwaka 1892 au 1893 mahali paitwapo Teoc, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Alikulia Avalon, kijiji kidogo cha karibu na hapo. Shule aliiacha mapema akashika jembe, kama walivyofanya watu weusi wengi wa huko, ambao walilima shamba la tajiri na kugawana naye mavuno. Gita yake ya kwanza alinunuliwa na mamake angali mtoto, na inasemekana bei yake ilikuwa dola moja na nusu.

Hakuwa na mwalimu wa kumfunza. Alijifunza mwenyewe, na kwa hiyo akapata mkono usiofanana na wa mtu mwingine. Kidole gumba kilizipiga nyuzi nene kwa mwendo usiobadilika, kama mtu atembeaye bila haraka, huku vidole vingine vikichezea nyuzi nyembamba na kuufuata wimbo wenyewe. Asiyemwona angedhani kuna gita mbili. Sauti yake ilikuwa ya upole. Hakupiga makelele wala hakulia kwa uchungu kama waimbaji wengi wa bluzi wa wakati wake.

Bluzi, msomaji mpenzi, ni muziki uliozaliwa na watoto na wajukuu wa watumwa waliochukuliwa kutoka Afrika Magharibi. Miongoni mwa watumwa hao walikuwako Waislamu wengi, na wako wanahistoria, kama Bibi Sylviane Diouf, wanaoona kwamba katika nyimbo walizoimba weusi makondeni, kwa kuivuta na kuitetemesha sauti, mna athari ya adhana na usomaji wa Kurani. Wengine hawakubaliani na rai hiyo. Hurt mwenyewe alikuwa Mkristo, na alipenda kuimba nyimbo za kanisani pamoja na visa vya kale.

Hodi ya kwanza ililetwa na jirani yake mzungu, Willie Narmour, mpiga fidla ambaye Hurt alikuwa akimpigia gita katika ngoma za hapo kijijini. Wakati huo sheria za Mississippi ziliwatenga weusi na wazungu, na hata makampuni ya santuri yalikuwa na orodha mbili mbalimbali za kuuzia sahani zao. Narmour alimtaja Hurt kwa Tommy Rockwell wa kampuni ya Okeh. Mwezi Februari 1928 Hurt akapelekwa Memphis kurekodi, na Desemba mwaka uo huo akaitwa New York. Kampuni ikaliongeza neno Mississippi mbele ya jina lake ili kuvutia wanunuzi. Nyimbo 12 zilitolewa, katika sahani sita. Mmojawapo uliitwa Avalon Blues, nao aliutunga huko New York kwa kukikumbuka kijiji chake.

Basi ikawa ndiyo mwisho. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka, biashara ya santuri ikafifia, na Hurt akarejea kwenye kulima na kuchunga ng'ombe wa watu. Wazee wetu wanaozikumbuka santuri za kuzungusha kwa mkono wanajua jinsi sahani zile zilivyokuwa nyepesi kuvunjika. Nyingi zilivunjika, nyingine zikatupwa. Zilizosalimika ziliokolewa na watu wachache waliopenda kuzikusanya. Mmoja wao, Harry Smith, alizitia nyimbo mbili za Hurt katika mkusanyo uliotolewa na kampuni ya Folkways mwaka 1952, na vijana wa mijini wakaanza kuuliza ni nani mwenye vidole vile.

Jawabu lilikuwa ndani ya wimbo. Kijana mmoja, Tom Hoskins, alisikiliza Avalon Blues, akatafuta katika ramani ya zamani akaliona jina la Avalon, akafunga safari mapema mwaka 1963. Alipouliza dukani, akaelekezwa nyumba iliyo karibu. Hurt alipomwona mzungu mgeni akimwulizia, aliingiwa na hofu akidhani ni kachero wa serikali. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa maana Mississippi ya siku hizo haikuwa na amani kwa mtu mweusi. Juni mwaka huo huo Medgar Evers, mtetezi wa haki za weusi, aliuawa kwa risasi mjini Jackson. Mzee hakuwa hata na gita, bali alipopewa moja, vidole vilikuwa havijasahau.

Julai 1963 alipiga katika tamasha la Newport mbele ya maelfu ya vijana. Akarekodi kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani na kwa kampuni ya Vanguard, akapiga pia katika ukumbi wa Carnegie. Sifa hazikumbadilisha, aliketi na kofia yake kichwani, akatabasamu, akaimba kwa sauti ile ile ya upole. Neema hiyo ilidumu miaka mitatu tu. Tarehe 2 Novemba 1966 alifariki kwa maradhi ya moyo huko Grenada, Mississippi, akazikwa Avalon.

Kwa nini basi watu wangali wakizisikiliza sahani zile zenye mikwaruzo? Ni kwa sababu ndani yake hamna hila. Ni mtu mmoja na gita moja, kwa dakika tatu hivi, akipiga kama alivyowapigia jirani zake. Lakini pia hatuna budi kukumbuka kwamba kwa miaka 35 jasho la mtu huyu liliwaburudisha wengine, hali yeye mwenyewe yuko hai, akilima shamba la mwenziwe. Nyumba yake, iliyokuwa imefanywa makumbusho, iliteketea kwa moto Februari 2024. Nyimbo zimebaki. Nasi tulio na wazee waliowahi kurekodi zamani, heri tuwatafute wangali hai, kabla sahani hazijabaki peke yake.